Pumzi ya Kushoto

...na Rhoda naye kaenda wapi tena, maana pumzi iliyopita walikuwa watatu juu ya ule mtumbwi uliopinduliwa pale mchangani, Rhoda katikati na chupa yake ya chai, Apolonia upande huu, Mayala upande ule, na sasa Sostenes kageuza uso kuvuta hewa, jicho moja nje ya maji na jingine ndani, kaona wawili, wawili tu, kisha uso ukarudi ziwani, puliza, toa mapovu kama ulivyofundishwa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, wawili tu, na ile nafasi aliyoiacha Rhoda haipo, imezibwa, sasa nani aliyesogea, Apolonia mkewe ndiye aliyesogea au ni huyo mwalimu wao wa kuogelea, mtu unaachiwa nafasi ukae kwa raha zako wewe unasogea, unafuata nini, geuza, vuta... Mayala kanyoosha mkono kuonyesha kitu, Apolonia kacheka, au labda kapiga chafya, kwa pumzi moja huwezi kujua mke wako kacheka au kapiga chafya, uso ndani, puliza, chini mchanga wa Nkome unapita taratibu na kivuli chake juu yake, kivuli chenye mikono mirefu, na mchanga wenyewe uko karibu kabisa, maji ni ya kifua tu, angetaka angesimama sasa hivi, akajifuta uso, akatembea mpaka pale na kuuliza kulikoni, lakini akisimama amefeli, hayo ndiyo makubaliano, kutoka mtumbwi wa kijani mpaka mtumbwi wa bluu, sambamba na ufukwe, bila kusimama na bila kushika kitu, akifika atakwenda Mwanza wiki ijayo kwenye hayo mashindano yao ya kuogelea na baiskeli na kukimbia, vyote siku moja bila kupumzika, traiathloni wanaiita, na akisimama hapa njiani haendi, atabaki Katoro na mtoto, mkewe atakwenda na Rhoda na Mayala, na huyo Rhoda ni mtu wa kusinzia mapema, anajulikana, jua likizama tu keshaanza kukoroma, kwa hiyo mambo yako wazi, watakwenda watatu na jioni watabaki wawili, kama hivi sasa, geuza, vuta... wawili.

Na lile koti, hilo asilitaje, hilo lilimpanda kifuani tangu hajaingia majini, maana Apolonia alitangulia kuogelea, akatoka mtumbwi wa kijani akafika mtumbwi wa bluu bila wasiwasi wowote, akatoka anatetemeka kwa baridi ya asubuhi, kitenge chake kimelowa, na Mayala akavua koti lake la michezo, jekundu, lenye mistari myeupe begani, akampa, hakuuliza mtu, na Sostenes alikuwa amesimama palepale na shati lake kavu mwilini, la mikono mirefu, angeweza kulivua, alikuwa hata ameshafungua kifungo kimoja, lakini koti lilitangulia, na sasa mke wake kakaa ufukweni ndani ya joto la mwanaume mwingine, kazi ya kutoa baridi keshaifanya mwingine, na yeye yuko humu anapuliza mapovu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, aliona wivu, tena si kidogo, geuza, vuta... zipu imefungwa mpaka shingoni. Nani kaifunga.

Ukweli, ambao humu chini ya maji hakuna wa kumsikia, ni kwamba hakuingia kwenye mambo haya kwa kupenda michezo, fundi wa kuchomelea na michezo wapi na wapi, kutwa yuko Katoro anaunga karasha za wachimbaji, mitambo iliyopasuka kwa kusaga mawe ya dhahabu, akirudi nyumbani hata kuinama kufungua viatu ni shughuli, aliyeanzisha yote ni Rhoda, anayefanya kazi na Apolonia maabara ya kituo cha afya, wakimbie asubuhi, wapunguze miili, kisha akaja mtu kuwaambia kuna mashindano Mwanza, wakamtafuta Mayala, kijana wa hapahapa Nkome aliyewahi kufundisha watu kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja huko Mwanza, na siku Apolonia aliposema mezani kwamba kila Jumapili baada ya misa ya kwanza watakuwa wanakwenda ziwani kufundishwa kuogelea, na kijana, Sostenes alitafuna tonge lake, akalimeza, akasema hata mimi nimekuwa nikifikiria kufanya mazoezi, na Apolonia alimtazama muda mrefu, akamtazama Agatha, binti yao, akamtazama tena yeye, akasema haya, karibu. Karibu hiyo ilikuwa ya namna gani, hajawahi kuielewa, mtu anaweza kukukaribisha kwa moyo mmoja, na anaweza kukukaribisha kama unavyomkaribisha mgeni aliyekukuta unakula, geuza, vuta, hapana, pumzi hii haikutosha, kifua kinabana, mbona mapema hivi, baiskeli anaweza kupanda kutoka Katoro hadi Geita bila kuhema, mtu aliyezaliwa Shinyanga kumfundisha baiskeli ni kumtukana, kabeba abiria mitaa ya Kambarage hukohuko Shinyanga kabla hajajua kushika waya wa kuchomelea, kabeba pamba, kabeba kitanda na godoro lake na mwenye kitanda juu yake, kwenye baiskeli huko Mwanza hakuna wa kumfikia, na mbio nazo atajikokota hivyohivyo mpaka afike, shida ni haya maji, na haya maji aliyadharau mwenyewe.

Maana siku ya kwanza walipofika hapa, Mayala akauliza nani anajua kuogelea, yeye peke yake ndiye aliyeinua mkono, akauinua juu kabisa Apolonia auone, Apolonia mtoto wa Ushirombo, kwao mihogo na mahindi na kengele ya kanisa, maji yaliyozidi magoti kwake yalikuwa mambo ya kwenye picha, lakini Sostenes kakua akichunga, na wachungaji wa kwao kuogelea wanajifunzia mkiani, ng'ombe wakivuka lambo wakati wa masika wewe unashika mkia wa dume, wake aliitwa Jeshi, unapiga miguu kama anayekanyaga pedali, kichwa juu, kidevu juu, macho kwa ng'ombe, na baba yake alikuwa akisimama ukingoni anapiga kelele kwa Kisukuma, usiachie mkia, tazama mbele, hesabu ng'ombe, mchungaji akizamisha uso ndama anapotea, naye kavuka hivyo utoto wake wote na hakupoteza ndama hata mmoja, basi akadhani huko ndiko kuogelea, akaingia ziwani mbele ya wote, shingo juu kama anatafuta mifugo, akapiga miguu mpaka maji yakachafuka, akapiga mpaka akaona nyota, alipochoka akageuka kuona amefika wapi, mtumbwi alioanzia bado uko begani kwake, na wa kwanza kucheka alikuwa Apolonia. Mayala hakucheka. Heri angecheka. Alimjia kwa adabu zote, akamwambia, "Kaka, nguvu unazo nyingi, na hizohizo ndizo zinazokuzamisha. Laza kichwa, tazama chini." Tazama chini, rahisi kwake kusema, hana mke.

Na siku hiyohiyo, hilo nalo asilikumbuke, lakini linakuja tu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, linakuja, siku hiyohiyo Mayala alimlaza Apolonia chali juu ya maji, mkono mmoja chini ya kisogo, akamwambia legeza shingo, shemeji, mimi nipo, mimi nipo, unasikia maneno hayo, mtu anamwambia mke wa mtu mimi nipo na mwenye mke kasimama hatua mbili pembeni kashikilia taulo, tena kijana huyohuyo kila wakikutana humwamkia, shikamoo kaka, mikono kaikutanisha mbele, mtu anakupa shikamoo kwa heshima na dakika inayofuata kisogo cha mkeo kiko kwenye kiganja chake, na wewe utasemaje, umeshajibu marahaba, geuza, vuta... kachukua kikombe, Apolonia kachukua kikombe kutoka kwa Mayala, uso ndani, puliza, na huo uso wake siku ile, Sostenes kauona kwa karibu, macho kayafumba, midomo imeachana kidogo kama Agatha akilala, uso huo hajawahi kuuona, si siku ya harusi kanisani Ushirombo, si siku alipojifungua, si kitandani, heri asingeuona, maana ukishajua kwamba mke wako ana uso kama huo na hajawahi kukuonyesha, utalala vipi, na Mayala akautoa mkono polepole, na Apolonia akabaki juu ya maji peke yake, hajui kama hashikwi, yuko tu, anaelea, na siku hizo ilikuwa bado shemeji, shemeji vizuri, shemeji piga miguu, sasa ni Apo, Apo kiwiko juu, Apo usikimbie, jina zuri la ubatizo kalikata vipande, yeye mumewe miaka yote hajawahi kulikata, humwita Mama Agatha kama watu wenye heshima zao, na alipomwambia kwamba hilo jina la Apo halimpendezi, Apolonia alisema, lakini mbona nimelipenda.

Na si kwamba yeye hajajifunza kitu, kajifunza, mwacheni aseme, kajifunza kulaza uso, kajifunza kutoa pumzi yote majini ili akigeuka kazi iwe ni kuvuta tu, kajifunza kiwiko kitoke kwanza na vidole viingie bila kupiga kelele, mkojo katoa, Apolonia kaupima mwenyewe maabara kuangalia kichocho cha ziwa hili, na dawa kameza, yote kayafanya, limebaki moja tu, Mayala anataka avute pumzi kila mkono wa tatu, mara kushoto, mara kulia, ili mwili usipinde na kifua kipate nafasi ya kupumua, Apolonia hufanya hivyo huku na huku kwa utulivu kama anachambua mchele, lakini Sostenes huvuta kila mkono wa pili, kushoto tu, siku zote kushoto, alimwambia Mayala shingo yake haigeuki kulia, ajali ya kazini, karasha ilimwangukia, na Mayala akampa pole, wote wakampa pole, Rhoda akamletea na mafuta ya kuchua. Uongo mtupu. Shingo yake ni nzima kama ya ndama. Ila ukitoka mtumbwi wa kijani kwenda wa bluu, ufukwe uko kushoto.

Geuza, vuta... sauti ya Mayala ikamjia nusu, nusu nyingine ikaingia majini, "...kulia, kaka, unakuja nchi kavu, rudi ku..." na hapo ndipo alipotazama chini vizuri, mchanga umepanda, kivuli chake kimenenepa, vidole vyake vikishuka vinakaribia kuchota, kumbe kila alipogeuka kuwatazama mwili ulimfuata shingo, kidogo kidogo, amekuwa akiwaendea, asingeitwa wangemwona anawafikia kwa tumbo kama kenge, na mtumbwi wa bluu uko wapi, akainua kichwa kuutafuta, ule uinuaji wa lambo, kidevu juu, na mtumbwi hauko mbele, uko kulia huko, mbali, umejitenga naye, na alipokuwa ameinua kichwa hivyo akaona, si kwa jicho moja sasa, kwa yote mawili, Apolonia anainuka kutoka pale walipokaa, na ili ainuke kaweka mkono begani kwa Mayala, kiganja kizima, kaegemea, kainuka, na mkono ukabaki pale, ukabaki, kwa nini unabaki wakati umeshainuka, na miguu ya Sostenes ikazama kama iliyofungiwa chuma, kinywa kikafunguka kusema jambo na ziwa likaingia, maji mengi, yenye ladha ya dagaa wanaokaushwa pale juu, akakohoa humohumo ndani, akavuta, yakaingia tena, akapapasa, na kidole gumba cha mguu kikagusa mchanga.

Kimegusa, hakijasimama, hapo kuna tofauti, kidole kimoja hakiwezi kuitwa kusimama, na kidole hicho kilikuwa kitamu, mchanga mgumu, wa kweli, weka mguu mzima yaishe, mwili wote ulimwomba, simama, kohoa vizuri, nenda pale utoe ule mkono begani, una haki, ni mkeo, padri alisema, mashahidi wapo, simama, na angesimama, goti lilikuwa limeshaanza kunyooka, ila likamjia wazo jingine, baya kuliko maji ya puani, kwamba akisimama sasa kuwalinda, Mwanza watakwenda bila yeye, hakuna tena mtu wa kuwalinda, na akitaka kwenda huko awalinde basi lazima hapa, sasa hivi, aache kuwalinda, ageuze shingo upande ule ambao hawapo, na wazo hilo lilimkasirisha mpaka akataka kucheka, nani kaipanga namna hii, akakunja kidole, akarudisha uso majini na kikohozi chake, akatoa yote yaliyokuwa kifuani, mkono mmoja, mwingine, na wa tatu akageuza shingo ambayo haigeuki, akageukia kulia.

Kulia hapakuwa na kitu. Maji tu mpaka yanapokutana na mbingu, na mtumbwi mmoja wa dagaa unarudi umechelewa, taa zake zimezimwa, wanaume wawili ndani yake hata hawamtazami, na ndege mweusi juu ya nguzo ya wavu, basi, hakuna anayesogea karibu na mwingine, hakuna zipu, hakuna kikombe, akavuta hewa na hewa ikaingia yote, mpaka chini, uso ndani, puliza, tatu hizi ni ndefu, mtu unaweza kufa kabla ya ya tatu, lakini hakufa, kumbe pumzi ilikuwepo, alikuwa anaivuta haraka mno kama mtu anayesikiliza mlangoni, akasahau ya kushoto, au hakusahau, akaiachia ipite, akasubiri ya kulia tena, maji, mbingu, mtumbwi wa dagaa, na kiuno kikapanda chenyewe, hajakiambia, miguu ikaja nyuma yake bila ugomvi, mchanga ukaanza kushuka, kivuli kikarefuka, na masikioni kukawa kimya, ule ukimya mnene wa chini ya maji wenye mapovu tu ndani yake, na akagundua kwamba kwa kitambo hiki chote hakuna aliyemuuliza kitu, simu iko ndani ya suruali, suruali iko ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uko juu ya mtumbwi, na hakuna mtu duniani anayeweza kumuuliza uko wapi, akajisikia mwepesi kwa jambo hilo, mwepesi wa ajabu, na palepale yakamjia maneno ya Apolonia.

Alikuwa kakaa na ungo mapajani, anatoa mawe kwenye mchele, na Sostenes alikuwa amemuuliza, si mara ya kwanza, siku ile pale majini ulipofumba macho ulikuwa unafikiria nini, au unamfikiria nani, na Apolonia hakuinua uso, akatoa jiwe, akatoa jingine, akasema, "Nikiwa majini, Baba Agatha, hakuna anayeniuliza niko wapi." Basi. Akaendelea na mchele. Na yeye aliyachukua maneno hayo kama anavyoyachukua maneno yote ya mkewe, akayapeleka karakana, akayageuza, akayagonga, akayachunguza kama chuma chenye ufa, niko wapi, kwani yuko wapi, anajificha nini, majini yuko na nani, na nani mwingine kama si Mayala, ushahidi huo, ametamka mwenyewe, na tangu hapo amekuwa akivutia pumzi kushoto, lakini sasa, uso chini, mikono inakwenda yenyewe, maneno yalikuja tofauti, hakuyaita, yalikuja tu na akayaona yalivyo, hakuna anayeniuliza, na anayemuuliza ni nani, Mayala hamuulizi, Rhoda hamuulizi, nani huyo anayempigia saa nne asubuhi uko wapi, niko kazini, kazini wapi, maabara, na nani, na Rhoda, hebu mpe simu Rhoda, hayupo katoka kidogo, basi washa ile mashine ya kuzungusha damu nisikie, na Apolonia anaiwasha, haina damu ndani, inazunguka tupu, anaisogezea simu ili fundi mmoja wa Katoro, kavua miwani ya kuchomelea, kabana sikio moja, asikilize mvumo wa mashine na kuridhika, na hata haridhiki, anapiga tena saa saba, na wagonjwa kwenye benchi wanatazama, na Rhoda anatazama, Rhoda anajua, ndiyo maana Rhoda alianzisha kikundi, Mungu wangu, si kupunguza miili, ndiyo maana akaja na chai yake na kukaa katikati, na ile karibu ya mezani, ile karibu iliyomchukua Apolonia muda mrefu vile, ilikuwa ni ya mtu aliyekuwa amejipatia mahali pamoja tu pa kwenda, na akamwona mumewe anafunga mizigo kumfuata.

Kulia, vuta... mtumbwi wa dagaa umesogea, mbingu iko palepale, na hapa lazima isemwe wazi, Mayala bado hampendi, koti lile atalirudisha mwenyewe kwa mkono wake, na Apo ni Apo, halimkai sikioni, hayo hayajaondoka, ila yamekuwa mepesi kuliko hili jipya lililoingia, maana wivu haukwisha, ulihama tu, ulimtoka yule kijana pale juu ya mtumbwi ukaingia humu, kwenye haya maji yenyewe, yaliyomchukua mke wake kwa dakika chache za Jumapili na kumfanyia kitu ambacho yeye na nguvu zake zote hajamfanyia, yalimbeba bila kumuuliza, hilo tu, hakuna lingine yalilofanya, na kwa hilo tu Apolonia akayapa ule uso, na ziwa halijui hata jina lake, refu wala la kukata, akalionea wivu ziwa, akaliogelea huku analionea wivu, nalo likambeba na yeye, hivyohivyo, bila kumuuliza kitu.

Na kwa mara ya kwanza hajui wanafanya nini. Labda Rhoda karudi, labda hajarudi, labda ule mkono bado uko begani, labda wanamtazama yeye na kushangaa ile shingo mbovu inavyogeuka, hajui, na kutojua kunauma, kunauma sana, pale palepale palipokuwa panauma, lakini mikono inakwenda, na mtumbwi wa bluu sasa uko mbele, bado mbali, rangi yake inachezacheza juu ya maji, bado hajafika, anaweza asifike, mkono mmoja, mwingine, wa tatu, na zamu hii ni ya kushoto, haiwezi kurukwa kila mara, kifua kinaidai, akageuza uso upande wa ufukwe, sauti zikamjia, ya Apolonia ikiwemo, anasema jambo au anacheka, na Sostenes akavuta hewa yake yote, macho kayafumba.